Kundi la marafiki wapenda muziki, picha na sanaa: namna ya kulianzisha mtandaoni na kulidumisha

Makundi ya marafiki wanaopenda muziki au picha hufa kwa njia ileile karibu yote. Wiki ya kwanza zinamwagwa linki thelathini. Wiki ya tatu yanaingia matangazo ya viwanja na video za kuchekesha ambazo zimeshazunguka nchi nzima. Mwezi wa pili ni kimya, isipokuwa mtu mmoja anayesalimia kila asubuhi. Vitu vya kutuma havikukosekana. Vilitumwa vingi mno, na aliyetuma wimbo anaoupenda kwa dhati hakujibiwa na yeyote. Akituma wa pili nao usijibiwe, wa tatu hatumi.

Kwa hiyo mwongozo huu unasimama juu ya sharti moja: vitu viwili tu kwa wiki, na kila kimoja kijibiwe na kila mwanakundi. Mengine yote hapa chini yapo ili sharti hilo limwezekanie mtu mwenye simu ya kawaida na bando la kawaida, awe Kampala, Arua, Busia au Mbarara.

Watu na zamu

Anza na watu sita hadi kumi. Wakiwa pungufu ya sita, wawili wakisafiri kundi limelala. Wakizidi kumi na wawili, kila mmoja anadhani mwenzake atajibu, na hajibu mtu. Nane ni hesabu nzuri: kwa vitu viwili kila wiki, zamu inamfikia mtu mara moja kwa wiki nne, muda wa kutosha kutafuta kitu cha maana.

Changanya watu. Mpiga kinubi cha adungu, dada anayepiga picha za harusi, msusi wa vikapu, na mwalimu asiyeshika chombo chochote ila ana sikio. Kundi la wapiga picha watupu huishia kuzungumzia bei za kamera.

Andika orodha ya zamu za miezi miwili mara moja na uibandike juu ya kundi. Jumatatu jioni ni zamu ya muziki. Alhamisi jioni ni zamu ya picha au kazi ya mikono. Majibu ya kitu cha Jumatatu yafike kabla cha Alhamisi hakijatumwa. Anayejua atabanwa na kazi abadilishane zamu na mwenzake mapema. Msimamizi ana kazi moja ya kudumu: kumkumbusha mwenye zamu siku moja kabla, tena faraghani, asimwaibishe mbele za watu.

Fungua pia kundi la pili, la kijiwe, kwa salamu, harusi, michango ya misiba na mpira. Hapo watu waongee watakavyo. Hatua hii huonekana ndogo, lakini bila hiyo picha ya Alhamisi inazama chini ya ujumbe sitini kabla ya watu watatu kuiona.

Programu gani, na bando litakwenda wapi

Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, na tangu hapo watu wengi huingia kwa VPN, yaani programu ya kupita kizuizi. Kundi la kila wiki lisitegemee njia hiyo. Wa nje ya nchi wataona kila kitu na wa nyumbani watachelewa. WhatsApp inatosha, kwa kuwa wote tayari wanayo. Telegram ina faida ya kutunza faili kwa muda mrefu na kuruhusu faili la hadi GB 2, kwa hiyo inafaa kuwa ghala hata kama mazungumzo yako kwingine.

Kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku, iliyoanza Julai 2018, iliondolewa 2021, na badala yake ukaja ushuru wa asilimia 12 juu ya bei ya data. Kwa mwanakundi maana yake ni kwamba gharama inafuata uzito wa faili unalomtumia. Hesabu za kukumbuka ni hizi. MP3 ya kbps 128, yaani sauti iliyobanwa, ni takriban MB 1 kwa dakika. WAV ya stereo, isiyobanwa, ni takriban MB 10 kwa dakika. Video ya ubora wa 360p hula kama MB 5 kwa dakika, wakati mwingine mtu alitaka kusikia tu. Rekodi nne za dakika tano kwa mwezi, zikiwa MP3, ni MB 20. Zikiwa WAV ni MB 200, na hapo ndipo watu wanapoanza kutoka kimyakimya.

Kila mmoja aingie kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya uhifadhi na data, azime upakuaji wa moja kwa moja kwa data ya simu. Atapakua mwenyewe kinachomhusu. Ila asikae wiki nyingi: faili lililoachwa muda mrefu hufika siku likakataa kufunguka, na aliyelituma hulazimika kulituma upya.

Zamu ya muziki

Kama wimbo ni wa mtu mwingine, tuma linki ya ukurasa wa msanii mwenyewe, siyo MP3 uliyoipata kwa rafiki. Msanii anahesabiwa msikilizaji, na wewe huwi msambazaji wa nakala. Kwenye YouTube unaweza kumpeleka mtu kwenye sekunde unayoitaka. Ikiwa linki ni ya youtu.be, ongeza ?t=75 mwishoni; ikiwa tayari ina alama ya kuuliza ndani yake, ongeza &t=75. Hesabu ni ya sekunde, kwa hiyo 75 ni dakika moja na sekunde kumi na tano.

Linki isiende peke yake. Iambatane na mistari minne au mitano: nani anapiga, chombo gani, wapi pa kusikiliza, na swali moja. Hivi, kwa mfano wa amadinda, marimba ya mbao ya Buganda:

*Amadinda, vibao 12, wapigaji watatu. Wawili wanapiga kwa kupishana: pigo la mmoja linaangukia katikati ya mapigo mawili ya mwenzake. Kwenye 0:40 anaingia wa tatu, kwenye vile vibao viwili vya sauti nyembamba kabisa. Msifuate mkono wa mtu mmoja. Kuna wimbo unasikika ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga peke yake. Mnausikia? Kwenu unaanzia wapi?*

Maelezo ya namna hii humpa msikilizaji kazi ya kufanya na masikio yake. "Ngoma kali sana hii" hayampi kitu.

Kurekodi wenyewe ndiyo raha kubwa ya kundi la namna hii, na ndipo makosa mengi yanapotokea, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Kwanza weka simu katika hali ya ndege. Simu ikiita katikati ya wimbo, rekodi hukatika au huingia mtetemo. Kisha fungua mipangilio ya programu ya kurekodi. Programu nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya kuongea: zinabana sauti sana, tena zina kipunguza kelele ambacho huuchukulia mlio mrefu usiobadilika kuwa kelele na kuufuta. Uzi wa endingidi, zeze la uzi mmoja, unapovutwa kwa muda mrefu, unasikia sauti inafifia yenyewe ingawa mpigaji hajalegeza mkono. Zima kipunguza kelele. Zima pia kile kinachorekebisha kiwango cha sauti chenyewe, maana ngoma ndefu ya engalabi ikipigwa kwa nguvu, waimbaji wote huzama kisha huibuka polepole. Chagua WAV, 44.1 au 48 kHz. Kama programu iliyokuja na simu hairuhusu hayo, tafuta nyingine. Za bure zinazoruhusu zipo.

Mahali pa kuweka simu panaamua zaidi kuliko bei yake. Kwa endingidi au adungu moja, kaa nusu mita hadi mita moja. Kwa amadinda, mita moja na nusu hadi mbili, simu ikiwa juu kidogo ya vibao. Kwa kikundi chenye ngoma, mita tatu au nne, na ukiwa na mwimbaji, msogelee yeye kuliko ngoma, kwa sababu ngoma itafika tu. Kinasa sauti cha simu nyingi kiko chini, karibu na tundu la chaji: elekeza upande huo kwa wapigaji, na kidole kisiufunike. Usiilaze simu juu ya meza au sakafu inayotetemeka na ngoma. Iweke juu ya nguo iliyokunjwa.

Waombe wapige sehemu yenye nguvu kuliko zote kwa sekunde ishirini, urekodi, usikilize kwa hedifoni. Kama programu ina kipimo cha sauti, kilele kifike karibu na −6 dB, kisiguse sifuri. Sauti iliyopasuka haitengenezeki, programu yoyote isikudanganye. Ikipasuka, rudi nyuma nusu mita na ujaribu tena. Upepo ukivuma, jikinge kwa ukuta au funika kinasa sauti kwa sponji nyembamba. Mvua ikianza kupiga mabati, acheni mpaka ipite.

Acha sekunde tano za kimya mwanzo na mwisho. Katika kimya cha mwisho taja kwa sauti yako majina ya wapigaji, mahali na tarehe. Faili linaweza kupotewa na jina lake, lakini sauti hiyo haitoki ndani yake.

Hifadhi WAV kama nakala yako ya kutunza, na kwa ajili ya kundi tengeneza MP3 ya kbps 128. Audacity kwenye kompyuta hufanya hivyo bure. Tuma kama dokumenti. Usiwachezee watu rekodi kwa spika ukiwa umeshikilia kitufe cha ujumbe wa sauti: ujumbe huo umebanwa kwa ajili ya maongezi, na endingidi humo hutoka kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo.

Zamu ya picha

Ikweta inakata barabara ya Masaka pale Kayabwe, na kwetu jua hupanda karibu wima. Mwanga laini hukaa muda mfupi. Jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi mwaka mzima, na ikifika saa mbili vivuli vinaanza kuwa vikali. Jioni una saa kumi na mbili hadi jua kuzama, basi. Anayefika saa tatu asubuhi kupiga picha soko au ziwa ameshachelewa.

Mchana usimweke mtu juani. Macho hugeuka mashimo mawili meusi. Msimamishe ukingoni mwa veranda au chini ya mwembe, akitazama nje kwenye mwanga. Kama mbele yake kuna udongo mwekundu, bora zaidi: unarudisha mwanga wa joto kutoka chini hadi kidevuni.

Sasa ngozi. Kamera ya simu ikiona anga jeupe nyuma ya mtu mweusi, huokoa anga na kumtia mtu giza. Bonyeza usoni mwake kwenye kioo, shikilia mpaka fokasi ifunge, kisha pandisha mwangaza polepole hadi uone mistari ya uso. Akiwa amevaa kanzu au gomesi nyeupe, simama pale nyuzi za kitambaa bado zinaonekana. Na uzime kile kichujio cha urembo ambacho simu nyingi huja nacho kimewashwa. Kinalainisha uso na kuung'arisha, na mwisho unatuma picha ya mtu ambaye hayupo.

Tuma picha moja. Kuchagua moja kati ya arobaini ni sehemu ya sanaa yenyewe, na anayetuma kumi amewaachia wenzake kazi yake.

Ukituma kwa njia ya kawaida, WhatsApp huipunguza picha mpaka upande mrefu ubaki kama pikseli 1600, na anga huanza kuonyesha mistari. Chagua HD kabla ya kutuma. Ukituma kama dokumenti, picha inafika nzima, lakini inafika pia na taarifa zilizofichwa ndani yake, pamoja na mahali ilipopigwa kama kamera ilikuwa imeruhusiwa kuhifadhi mahali. Picha ya mtoto aliyeketi barazani inaweza kubeba ramani ya nyumba. Zima kipengele hicho kwenye kamera tangu mwanzo, kila mwanakundi.

Michoro, vikapu, kitambaa cha magome

Mchoro ukipigwa picha vibaya, kundi linajadili picha badala ya mchoro. Utundike ukutani wima, kivulini, penye mwanga wa kutosha kutoka pande zote. Veranda saa nne asubuhi inafaa. Katikati ya mchoro pawe kimo kimoja na lenzi. Usiukaribie: lenzi kuu ya simu ni pana, na karibu mno kingo hupinda kama pipa. Rudi nyuma mita mbili, tumia zumu ya 2x, hakikisha pande zote nne ziko sambamba na kioo. Usitumie flashi. Rangi zikitoka na unjano, weka karatasi nyeupe pembeni mwa mchoro, piga, kisha rekebisha mpaka karatasi iwe nyeupe kweli. Programu ya Snapseed ina kifaa cha hilo. Mwisho kata kingo, na uandike urefu na upana kwa sentimita, rangi zilizotumika, mwaka na jina la mchoraji.

Kitambaa cha magome ya mti wa mutuba kinataka kinyume chake. Ufundi wake umo katika orodha ya urithi ya UNESCO tangu 2008, na uzuri wake uko kwenye mikunjo midogo iliyoachwa na nyundo ya mbao. Mwanga wa mbele huifuta. Kilaze karibu na dirisha au mlango ili mwanga uingie kwa ubavu, chini kabisa, ukisugua juu ya kitambaa. Kila pigo la nyundo litasimama na kivuli chake. Piga moja ya kitambaa chote na moja ya karibu, sentimita ishirini hivi. Hapa ndipo pekee tunaporuhusu picha mbili. Kikapu nacho kipige hivyohivyo, na uonyeshe kitako, kwa kuwa msusi mwingine atataka kuona ususi ulipoanzia.

Kujibu

Kidole gumba si jibu. Jibu linataja kitu kimoja kilichoonekana au kusikika, na mahali pake. "Kaka, pale 2:10 ngoma zinanyamaza na makofi yanabaki peke yake, nilirudia mara nne." "Dada, jicho langu linaenda kwenye ndoo ya njano kabla ya uso wa mama; ulitaka hivyo?" Sentensi mbili zinatosha. Kama hukupenda, sema ulichokiona kwanza, kisha uliza. Mtu akisikia umetazama kweli, husikiliza lililobaki. Usimpe mafunzo ya kamera ambayo hakuyaomba, na mkubwa wa umri au wa ufundi asijibu wa kwanza, la sivyo wadogo wataitikia tu alichosema mzee.

Mwenye zamu naye anafunga mjadala kabla ya kitu kinachofuata: anajibu maswali yote kwa ujumbe mmoja.

Mara moja kwa mwezi sikilizeni pamoja. Msipitishe muziki kwenye simu ya kundi. Simu hukata sauti zote zisizo za kuongea. Kila mtu apakue mapema, na saa tatu usiku kamili, saa za Afrika Mashariki, kila mmoja abonyeze kwake. Maoni yaandikwe na dakika mbele: "1:32 nani huyo anayepiga kigelegele?"

Ruhusa

Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya 2006 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, hata kama kazi yake inazunguka bure mitandaoni. Unayemrekodi, mwambie kabla kwamba rekodi itaenda kwa watu wanane, si nje ya hapo, na mkubaliane katika kundi kwamba hakuna anayepeleka mbele bila kumuuliza mwenyewe. Ngoma za ukoo, za mazishi au za ibada, muulize mzee wa mahali hapo. Akikataa, zima kinasa. Picha ya mtoto isitumwe bila idhini ya mzazi au mlezi. Marekebisho ya 2022 ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta yaliligusa jambo hilo moja kwa moja. Askari, kambi, mabwawa ya umeme na vizuizi vya barabarani visipigwe picha kabisa.

Kundi likipoa

Litapoa, kwa kawaida mwezi wa tatu au wa nne. Usiongeze watu, wape mada. Wiki mbili za vyombo vya kupuliza tu, kwa mfano, zikianzia bigwala, tarumbeta za vibuyu za Busoga zilizoingizwa na UNESCO mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka: kila kibuyu kina noti yake moja, na wimbo unatokea wapulizaji wakipeana zamu. Au picha za mikono tu, bila nyuso. Walio Kampala waende pamoja Jumba la Makumbusho la Uganda, Kamwokya, kwenye vyumba vya ala za muziki, na kila mmoja arudi na ala moja ya kuwaeleza walio mbali.

Ghala

Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alirekodi muziki Uganda mwaka 1950 na 1952, na kazi hiyo bado inatumika leo katika ILAM, hifadhi ya muziki wa Afrika huko Makhanda, Afrika Kusini, kwa sababu rekodi zake ziliwekewa kumbukumbu za wapigaji, lugha, mahali na tarehe. Fanyeni hivyo tangu faili la kwanza. Jina lianze na mwaka ili yajipange yenyewe: 2025-06-09_adungu_Arua_jina-la-mpigaji.mp3. Maelezo ya mwenye zamu na majibu bora yanakiliwe kwenye faili la maandishi lenye jina hilohilo.

Chelezo ya WhatsApp si ghala. Simu ikiibwa kwenye teksi au namba ikibadilika, huenda chelezo ikapotea nayo. Weka nakala nne: kwenye simu ya mwenye kazi, kwenye fleshi mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti, na kwenye Telegram au hifadhi nyingine ya mtandaoni. Fleshi zinahitajika hata kama mtandaoni pako salama: Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na aliyekuwa na kila kitu mtandaoni hakuwa na kitu. Kila baada ya miezi sita mtu mmoja azichomeke fleshi zote mbili, afungue faili nne au tano kutoka sehemu mbalimbali na azisikilize mpaka mwisho, kwa sababu faili lililoharibika hubaki na jina lake na uzito wake uleule kwenye orodha.